Leseni imegoma baada ya apgredi: fanya haya kabla hujaanza kugombana na huduma kwa wateja

Hii ni kwa yule aliyelipia programu yake kihalali, hela ikatoka, risiti anayo au aliwahi kuwa nayo, halafu siku moja kabonyeza apgredi na programu inamjibu kwamba leseni haitambuliki, akipiga simu anaambiwa fundi yuko saiti, akituma imeili anajibiwa na roboti. Wale wa kraki, yaani programu zilizovunjwa leseni, hii haiwahusu, nyie mna mambo yenu.

Cha kwanza kabisa, usiguse kitu. Usifute programu ukaiweka upya, na usikimbilie pale mjini kwa fundi akupigie Windows upya, maana najua ndo dawa ya kwanza ya mafundi wetu wote kuanzia Stendi Kuu ya Moshi mpaka Kilombero ya Arusha, laptopu ikikohoa tu inapigwa Windows. Programu nyingi za kulipia zinahesabu mashine, na ukishapiga Windows upya kuna zinazoiona ni mashine mpya kabisa, kwa hiyo ulikuwa na tatizo moja sasa unayo mawili. Mfano mzuri ni Tally ambayo wahasibu wengi wa hapa kwetu wanaitumia, ile ukitaka kuihamisha mashine unatakiwa kwanza ui-surrender leseni, yaani uiachie, kwenye mashine ya zamani, ndo uiwashe kwenye mpya. Adobe nao wana mashine mbili tu kwa akaunti ya mtu mmoja. Fundi akishafuta kila kitu hayo hayawazi, kazi yake yeye imeisha na elfu zake kachukua.

Piga skrinishoti ya kile inachoandika, au hata picha kwa simu, maneno yote yaonekane pamoja na tarehe ya pale chini kulia. Kama programu bado inafunguka hata kwa kusoma tu, toa data zako sa hivi hivi, ripoti zote peleka Excel au PDF, weka kwenye flashi. Office ya kulipia kwa mwezi kwa mfano ukiacha kulipa haifi kabisa, inakuruhusu kufungua na kuprinti ila huandiki kitu. Kwa mtu wa VAT hapo ndo pa kuwahi, tarehe 20 ya kuwasilisha ritani TRA haisubiri mtu anayesubiri fundi.

Sasa jua una leseni gani, maana nusu ya ugomvi wote unatokea hapa, mteja anadai kitu ambacho hakununua au muuzaji kauza kitu ambacho si cha kuuza. Kwenye Windows ni rahisi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli halafu Enter, subiri kidogo kitatokea kidirisha. Angalia mstari wa Description. Ukikuta OEM, hiyo leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani na imefungwa kwenye madabodi, ukibadilisha madabodi au ukinunua laptopu nyingine haihami, hata ulie. Ukikuta RETAIL, hiyo ni ya kununua peke yake, unaweza kuihamishia mashine nyingine ila moja kwa wakati mmoja, na kabla hujabadili kitu iunganishe na akaunti yako ya Microsoft ili baadaye uweze kuirudisha.

Ukikuta VOLUME, kaa chini. Hiyo ni leseni ya makampuni na taasisi, na kama mbele yake kuna KMSCLIENT maana yake mashine inatakiwa iongee na seva ya hiyo kampuni angalau mara moja kila siku 180, sasa wewe uko Pasua hapo Moshi na seva yenyewe haipo au ipo Ulaya huko ilikotoka laptopu. Mashine nyingi za mtumba zinazoshuka hapa zilikuwa za maofisi, zimefutwa, zimepigwa Windows ya haraka na mwenye duka, zinakaa vizuri miezi kadhaa halafu zinaanza kuandika Activate Windows pale kona. Andika pia slmgr /xpr, hiyo inakuambia kama imewashwa moja kwa moja au ina tarehe ya kuisha. Ukiona tarehe, hukuuziwa leseni, umeazimwa. Na hizi funguo zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwa bei ya chipsi mayai ndo humo humo, Windows 11 Home bei ya Microsoft wenyewe ni dola 139 na Pro dola 199, anayekuuzia kwa elfu kumi jiulize yeye kaipata wapi.

Kwenye programu nyingine hakuna slmgr lakini swali ni lile lile: nimenunua toleo hili moja, au nalipia kila mwezi au mwaka, au nimenunua moja kwa moja ila matoleo mapya yana malipo yake pembeni? Hii ya tatu ndo inaumiza watu. Tally iko hivyo, leseni ni yako daima lakini matoleo mapya yanategemea ile huduma yao ya TSS iwe hai, TSS ikiisha unabaki na toleo ulilonalo na linafanya kazi vizuri tu. Office 2021 nayo ukiinunua ni 2021, haigeuki ikawa 2024 bure. Kwa hiyo kidirisha kinachosema kuna toleo jipya bonyeza hapa hakikuambii kama umelipia, kinakuambia lipo. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa na watengeneza programu wanajua wanachofanya wanapoziandika pamoja, mimi siamini kwamba ni bahati mbaya.

Niongeze la Windows 10 kwa kuwa naona wengi wanachanganywa. Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yako haikufa, ila masasisho ya usalama yamekata. Kuna mpango wa nyongeza kwa watu binafsi mpaka 13 Oktoba 2026, dola 30, au bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, na lazima uwe kwenye toleo la 22H2. Kwenda Windows 11 ni bure kama Windows 10 yako ni halali lakini mashine lazima ikidhi, yaani iwe na TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa ya Intel kizazi cha 8 kupanda. Namba inasomeka: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8. Kwa hiyo zile laptopu za HP EliteBook 840 G3 ambazo kila duka inazo ni kizazi cha 6, haziingii kwa njia rasmi, wakati G5 nyingi zinaingia. Mtu akikuuzia leseni ya Windows 11 kwa ajili ya G3 hajakosea kuandika bei, kakosea kukuuzia.

Haya, umeshajua unacho nini na unaona kabisa haki ni yako. Sasa hii ya kupiga simu acha. Simu haina ushahidi, na kila ukipiga anapokea mwingine unaanza kueleza upya tangu Adamu. Kuna dada mhasibu wa ofisi ya utalii pale Njiro alinionyesha mazungumzo yake na aliyemuuzia programu ya mahesabu, na hii ni julai, msimu umechanganya:

“Kaka habari, bado haijafunguka.”
“Pole sana dada angu, fundi yuko saiti Karatu akirudi atakucheki.”
“Anarudi lini?”
“Ntakujulisha dada, vumilia kidogo.”

Na ukishuka chini ni hivyo hivyo, pole dada, vumilia, fundi Karatu, fundi mjini, mtandao unasumbua, pole tena. Adabu nyingi kuliko msaada. Nikamwambia tatizo ni kwamba maswali yake yanajibika kwa pole, aandike swali ambalo pole haliwezi kulijibu. Tukaandika hii, ikaenda kwa imeili na nakala WhatsApp, uchukue ubadilishe majina:

“Habari za kazi. Tarehe fulani nilinunua kwenu programu fulani, toleo fulani, kwa shilingi kadhaa, risiti ya EFD namba fulani. Leseni yangu inaishia na tarakimu hizi nne. Tarehe fulani nilikubali apgredi iliyotokea kwenye programu yenyewe, tangu hapo inaandika maneno haya (nimeambatanisha picha). Naomba jibu la jambo moja: leseni niliyolipia inahusu toleo hili jipya, ndiyo au hapana? Kama ndiyo, naomba iwashwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kama hapana, naomba mnirudishe kwenye toleo la zamani bila gharama na mnionyeshe ni wapi kwenye invoisi imeandikwa hivyo.”

Angalia hamna matusi, hamna hadithi ya jinsi bosi alivyokasirika. Yule aliyekaa dukani hana uwezo wa kuamua kitu, ila barua yenye ndiyo au hapana na tarehe anaogopa kuikalia, ataipandisha juu. Imeili moja, na majibu yote endeleza humo humo, usianzishe mpya kila siku. Wakikupa namba ya tiketi iweke kwenye kichwa cha imeili. Wakipiga simu wao, sikiliza, halafu andika papo hapo: “Kama tulivyoongea leo saa nne asubuhi, mmesema mtanirudishia toleo la zamani kesho.” Wasipokanusha, hayo ndo makubaliano.

Siku ikifika kimya, mpite muuzaji nenda kwa mtengenezaji mwenyewe. Watu wanasahau kwamba duka la hapa Arusha mara nyingi ni wakala tu, leseni inatoka kwingine. Hapo zingatia saa. Ofisi ya India iko mbele yetu saa mbili na nusu, kwa hiyo wakifunga saa kumi na mbili jioni kwao huku ni saa tisa na nusu alasiri, usianze kupiga saa kumi ukasema hawapokei. California ni kinyume, wao wakifungua saa mbili asubuhi huku ni saa kumi na mbili jioni au saa moja usiku kutegemea na majira yao. Kwenye chati, lile roboti usibishane nalo, andika neno agent tu mara kadhaa, mengi yanakupeleka kwa mtu.

Halafu kabla ya kuvunja mkataba wa kulipia kidogo kidogo soma masharti ya kutoka. Adobe wana mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi, ukitoka baada ya siku 14 za mwanzo wanakukata nusu ya kilichobaki, na Juni 2024 serikali ya Marekani, baada ya FTC, tume yao ya biashara, kulipeleka jambo hilo Wizara ya Sheria, iliwashtaki kwamba sharti hilo linafichwa. Vijana wa kadi za harusi na mabango mnaijua vizuri hiyo.

Kama ulilipa kwa kadi, iwe ya benki au ile ya mtandaoni ya kwenye simu, na huduma hukupata, fungua malalamiko kwa aliyekupa kadi. Usichelewe, dirisha lenyewe mara nyingi ni siku 120. Kama ulilipa kwa lipa namba, ule ujumbe wa muamala usiufute. Na risiti ya EFD ipige picha siku ile ile unayopewa, karatasi ile inafifia mpaka inabaki nyeupe, miezi michache kwenye droo karibu na dirisha huoni kitu. Muuzaji ambaye hakukupa EFD kabisa, huyo mna mazungumzo mengine na ukimtajia TRA utashangaa fundi amerudi kutoka Karatu.

Kwa aliyegoma kabisa kuna Tume ya Ushindani, FCC, ya chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, hao ndo wanapokea malalamiko ya mlaji aliyeuziwa kwa maelezo ya uongo. TCRA si wa jambo hili, wao ni simu, intaneti, posta na utangazaji, watu wengi wanapoteza muda pale. Peleka nakala za ile imeili ndefu moja, risiti na picha zako. Hapo ndo utaona faida ya kutogombana kwa simu.

Na kama unanunua programu mpya mwezi huu, akaunti ya leseni isajiliwe kwa imeili yako au ya ofisi, simama hapo hapo uone ikiandikwa. Mafundi wana tabia ya kuweka imeili zao ili mambo yaende haraka, baadaye fundi kahamia Dodoma, namba haipatikani, na namba ya siri ya kufungua leseni inatumwa kwake. Muulize muuzaji toleo jipya likitoka nalipa au silipi, mashine ikiibiwa nahamishaje, na nani ananihudumia ukiwa wewe haupo, halafu majibu yaandikwe nyuma ya invoisi na mhuri. Akikujibu “we chukua tu mama, mengine tutaongea”, mwambie muongee kwanza hayo mengine.