Mapera Uyale Wewe, Siyo Pasa

Mpera wangu wa kwanza hapa Mikindani, Mtwara, niliupanda kwa mbegu. Ulinikalisha miaka minne bila ua, na ulipozaa, mapera yalikuwa madogo, yamejaa mbegu kama kokoto. Wakati huo umeshapita paa la nyumba. Ya juu walikula pasa, wale ndege wa mkia mrefu, mchana na popo usiku, ya chini wakala watoto wa jirani, mimi nikabaki na kazi ya kufagia. Niliukata. Leo ninayo mipera sita, na hakuna hata mmoja nisioufikia kwa mkono.

Mbegu achana nazo. Tafuta mpera ambao tunda lake umelila ukaridhika, umwombe mwenyewe tawi moja lenye unene wa kidole. Bandua gome kuzunguka tawi zima, upana wa vidole viwili, kisha kwangua ule utelezi mpaka mti ubaki mkavu. Ukiuacha, gome litaungana tena na kazi yako imepotea. Loweka makumbi ya nazi usiku kucha, yakamue, yazungushie pale ulipobandua, halafu funga kwa nailoni, juu na chini kaza. Baada ya wiki 6 hadi 10 utaona mizizi myeupe ndani ya nailoni. Kata chini yake.

Mimi hufunga matawi Januari, mvua zikiwa zimekolea, nikayakata Machi. Lakini sikimbilii shambani. Kwetu mvua ni msimu mmoja tu, Mei ikishapita ni jua mpaka mwisho wa mwaka, na mche mchanga kwenye mchanga wa huku haufiki Agosti. Nauweka kwenye ndoo iliyotoboka, kivulini, jirani na karo la vyombo, hadi Desemba. Shimo ni futi mbili kila upande, samadi iliyooza debe mbili, na kati ya mche na mche mita nne.

Mche ukishika, ukate kichwa ukiwa usawa wa goti. Najua inauma. Usipofanya hivyo, huo wavu nitakaousema hutaweza kuuvalisha. Kila mwaka baada ya kuvuna punguza matawi kama theluthi, kwa sababu mpera huzaa kwenye machipukizi mapya. Asiyepogoa anakula kivuli.

Sasa ndege. Nimejaribu sanamu lenye kanzu ya marehemu mjomba, nimejaribu kanda za kaseti zinazolia kwenye upepo, nimening'iniza santuri za video zikimetameta. Siku tatu nne, basi. Wiki ya pili ndege shore alikuwa amekaa juu ya kofia ya sanamu anajisafisha.

Kilichonisaidia ni wavu wa dagaa uliochakaa. Wavuvi wakiona hauzibiki tena wanauuza kwa bei ya maelewano. Usiutupe tu juu ya majani: ndege atatua juu yake na kudonoa kupitia matundu. Simika fito nne za mianzi, unganisha juu, kisha tandaza wavu ukae mbali na matunda, uvute mpaka ukaze kama ngoma. Wavu uliolegea unanasa kila kitu. Niliwahi kukuta bundi amejifunga mabawa, nikamkata nyuzi kwa mkasi huku ananikodolea macho. Tangu hapo nakagua asubuhi na jioni. Chini ubane na mawe, maana pasa ni wapandaji, wanapenya kama panya. Na usifunike wakati wa maua, nyuki wanahitaji njia. Subiri tunda lifikie ukubwa wa ndimu.

Kama mti ni mmoja au miwili, wavu wa nini? Vika kila pera mfuko wa kaki, ule wa kuwekea maandazi, ufunge kwa uzi kwenye kikonyo. Zamani nilitumia rambo, ile mifuko ya plastiki, kabla hazijapigwa marufuku mwaka 2019, na mapera yakawa yanachemka humo ndani mpaka yanaoza. Karatasi inapumua. Tena inazuia na nzi wa matunda, ambaye kwa maoni yangu ni adui mkubwa kuliko ndege: pasa unamwona, funza unakutana naye mdomoni.

Kuvuna, usingoje pera linukie mtini. Likiacha kijani kibichi na kuanza kupauka, lichume na kikonyo chake. Litaivia ndani kwa siku chache. Chuma alfajiri. Pasa ni wavivu wa asubuhi, kwanza huning'inia wakiota jua tumbo wazi. Shore ndiye mdamkaji, huyo inabidi mshindane.

Mpera wa sita, ulio karibu na ua, siufuniki. Huo ni wa ndege na wa wale watoto, na tangu niuache hivyo hakuna aliyechana wavu wangu kupitisha mkono. Ila yanayodondoka hapo nayaokota kila siku, nayafukia shimo la kufika gotini. Ukiyaacha yaoze juu ya ardhi, funza wanageuka nzi na kurudi kwenye mitano uliyoihangaikia.