Baiskeli kazini: magoti kwanza, foleni baadaye
Wengi wanaoanza kwenda kazini kwa baiskeli hapa Dar huishia wiki ya kwanza kwa maumivu ya magoti. Kiti kiko chini mno. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa; mguu unyooke. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, ndivyo inavyotakiwa.

Upepo ujaze kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi laini likigonga shimo, rimu hubana tyubu na kutoboa matundu mawili sambamba, na hapo fundi yuko mbali.

Njia ijaribu Jumapili asubuhi. Kituoni usipite kushoto kwa daladala. Abiria na konda hurukia upande huohuo.