Ekzema ya mikono: glavu za kufulia, glavu za kulalia

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nguo nyingi hufuliwa kwa mkono, ndani ya beseni, kwa sabuni ya unga, na nyeupe huongezewa javel (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo). Kwa mwenye ekzema ya mikono (ngozi inayowasha, kukauka na kupasuka), beseni hilo ndilo linalopasua ngozi kila wiki. Glavu zinasaidia, ila zikivaliwa vibaya zinachoma kuliko sabuni.

Kwa kazi ya maji, vaa mbili: ya pamba ndani, ya plastiki nje. Peke yake, ya plastiki hutoa jasho, na ngozi iliyolowa jasho huwasha na kupasuka upya. Ya nje iwe ya vinili ukiipata. Za mpira ni za mwisho kuchagua, kwa sababu kuna ngozi zinazoukataa mpira wenyewe au kemikali za kuutengenezea. Mwasho ukiishia sawasawa pale glavu inapoishia, shuku glavu. Za unga ndani ziache dukani.

Ya pamba unaweza kuishona kwa tisheti kuukuu. Chora mkono juu ya kitambaa, ongeza sentimita moja pembeni, shona, kisha ivae mshono ukiwa nje ili usikwaruze. Tengeneza jozi tatu, maana ikilowa inabadilishwa papo hapo.

Kabla ya kufua, vua pete (sabuni hujificha chini yake), kisha jaza glavu ya nje maji na uibane. Ikivuja, itupe: tundu dogo huingiza maji ya sabuni, nayo yanakaa humo yakila ngozi. Kunja ukingo wa glavu kwenda nje, upate mfereji wa kukinga maji yanayoteremka ukiinua mikono. Fanya kazi dakika 15 hadi 20, vua, acha mikono ikauke, ndipo uendelee. Ukimaliza, geuza glavu, suuza ndani, anika kivulini. Vaa vilevile ukimenya vitunguu saumu, ukikata pilipili au limau, ukiosha sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu).

Maji ya klorini ya kunawia mlangoni, tuliyoyazoea tangu Ebola, ni ya asilimia 0.05. Yale ya 0.5 ni ya sakafu na vifaa. Ukinawa yale ya 0.5 kwa makosa, mikono yenye nyufa ndiyo hujua kwanza.

Usiku nawa kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, na kabla ngozi haijakauka kabisa paka vazelini nene, hata katikati ya vidole. Vaa glavu safi za pamba, ulale nazo. Mtoto mchanga anayejikuna mshonee za mfuko, zisizo na vidole. Zigeuze kila mara utazame nyuzi za ndani, kwani uzi unaweza kumviringa kidole na kuzuia damu isipite. Usitie mpira unaobana.

Ukiandikiwa krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), kipimo cha mkono mmoja wa mtu mzima, kiganja na mgongo, ni mstari wa krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza. Krimu za kung'arisha ngozi za sokoni usizijaribu: baadhi zina klobetasoli, steroidi kali sana, inayopunguza mwasho siku chache huku ikiikondesha ngozi.

Usaha, ukoko wa manjano au homa: nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Nyumba nzima ikijikuna usiku, huenda ni upele wa kuambukizana (skabi), na glavu hazitautibu. Mkono mmoja tu ukiwa na magamba, pamoja na nyayo, omba wapime fangasi.