Kumchagulia mji wa likizo mteja mwenye paspoti ya India: anza na paspoti, halafu jiko la bibi

Nakata tiketi hapa mjini kati, Dar, na wateja wangu wengi ni Wahindi wenye paspoti ya India, wahasibu, mainjinia, watu wa viwandani, wengine wamekaa hapa miaka 15 na Kiswahili chao kimenyooka kabisa lakini paspoti ni ileile ya bluu. Kila Diwali ikikaribia au shule zikitaka kufungwa swali ni moja tu, dada twende wapi? Juzi nimemaliza kuhangaika na familia moja, baba, mama, watoto wawili, na bibi wa miaka 71 anayeishi Rajkot, India, ambaye alitaka wakutane naye hukohuko likizoni. Wiki mbili nzima. Sasa naandika jinsi ninavyofanya, maana watu wanaanzia kwenye picha za Paris wakati picha haikuvushi uhamiaji.

Hatua ya 1: Paspoti zote mezani

Miezi 6 iliyobaki kuanzia siku ya kuingia, kurasa tupu, na kibali cha ukaazi cha hapa kiwe hai. Hapo sina la kuongeza.

Hatua ya 2: Panga miji kwa mafungu ya viza

Chukua karatasi, mimi natumia karatasi kwa kweli, simu inachanganya, chora mafungu matatu.

La kwanza ni kusikotakiwa viza. Malaysia waliwaondolea Wahindi viza Desemba 2023, siku 30. Thailand walifungua Novemba 2023 na Julai 2024 wakapandisha hadi siku 60. Mauritius nako wanaingia bila viza, na Nepal hata paspoti si lazima kwa Mhindi anayetokea India, anaingia na kadi yake ya mpiga kura. Hizi sheria zinabadilika, kwa hiyo siku ya kulipa tiketi fungua tovuti ya serikali ya nchi husika uhakikishe upya, hata kama uliangalia wiki iliyopita.

La pili ni viza ya mtandaoni. Vietnam ni dola 25 kwa kuingia mara moja, mpaka siku 90. Istanbul inataka ujanja, Mhindi anapata viza ya mtandaoni ya Uturuki kama tayari ana viza hai au ukaazi wa Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), Marekani, Uingereza au Ireland, kama hana inabidi aombe ya kubandikwa kwenye paspoti. Na tafadhali jaza kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Kuna vitovuti vinafanana nayo mpaka nembo, vinakutoza mara tatu kwa kazi unayoweza kuifanya mwenyewe nusu saa.

La tatu ni miji ya kuombea viza kwa mafaili, Paris, Roma, London, Singapore. Kwa Schengen unaomba kwenye nchi utakayolala siku nyingi zaidi, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima isipungue yuro 30,000, na usikate tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Wateja wananiambia "dada, ndugu yangu Mumbai kapewa viza ya miaka 2, na mimi nitapewa". Utaratibu huo wa Umoja wa Ulaya wa Aprili 2024 ni kwa Mhindi anayeishi India na anayeombea India, tena aliyekwisha kutumia viza mbili vizuri ndani ya miaka 3. Anayeombea Dar asiuhesabu.

Hatua ya 3: Jina. Hapa nenda polepole

Hatua hii iliwahi kunikalisha uwanja wa ndege tangu saa 2 usiku hadi saa 8 na mteja wangu analia machozi, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Paspoti ya India ina mistari miwili, wa jina la ukoo na wa majina uliyopewa. Mgujarati kwa kawaida ana yote mawili. Ila watu wengi wa kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu hasa, kwao hakuna jina la ukoo, mtu ana jina lake na la baba tu, kwa hiyo utakuta mstari wa ukoo uko mtupu kabisa na majina yote yamerundikwa mstari wa pili. Sasa mfumo wa tiketi haukubali kisanduku kitupu. Fomu ya viza nayo ina visanduku vyake. Aliyekata tiketi ya yule mteja wangu aliyelia, injinia, aliona majina mawili akayagawa, moja huku moja kule, na viza ikatoka na majina yote upande mmoja. Tukafika kaunta, tiketi inasema hivi, viza inasema vile, paspoti ina mstari mtupu, na mhudumu anasema siwezi kukupandisha. Ndege ikaondoka bila yeye, mke na mtoto wakiwa wameshapata kadi zao za kupandia.

Tangu siku ile nafanya hivi. Kwanza kabisa, kabla ya viza na kabla ya hoteli, naliandikia barua pepe shirika la ndege, natuma picha ya ukurasa wa paspoti, nauliza mtu huyu jina lake mnaliandikaje. Kila shirika lina lake: wengine wanarudia jina lilelile visanduku vyote viwili, wengine wanaweka herufi FNU (yaani jina la kwanza halijulikani) au LNU (jina la ukoo halijulikani) kwenye kisanduku kitupu. Jibu naliprinti, linakaa kwenye folda pamoja na tiketi. Maneno ya simu siyataki, kaunta hawayasomi. Viza naijaza kwa kufuata paspoti, herufi kwa herufi, na fomu ikilazimisha jina la ukoo nafuata maelekezo ya fomu hiyohiyo, sibuni. Kama safari inaunganisha mashirika mawili, waulize yote mawili.

Dubai iangalie peke yake. Novemba 2022 walitangaza kwamba mwenye jina moja tu kwenye paspoti hapokelewi kwa viza ya matembezi, baadaye wakafafanua kuwa jina la baba au la ukoo likiwa ukurasa wa pili linakubalika. Mteja wangu mwenye jina moja akitaka Dubai namwambia ukweli, bhai, nenda ubalozini kwenu ubadilishe paspoti majina yagawanywe, halafu Dubai utaenda maisha yako yote. Mwaka huu twende Kuala Lumpur.

Hatua ya 4: Jiko

Muulize mkubwa kuliko wote anakula nini. Usimuulize baba mtu, atakwambia "tunakula chochote". Mwambie akupigie bibi.

Bibi yetu ni Mjaini, muumini wa dini ya Kijaini ya India: hali nyama, samaki, mayai, kitunguu, kitunguu saumu, viazi wala karoti, na jua likizama hali tena. Hilo la jua ndilo lililoichagua likizo. Paris Juni jua linazama karibu saa 4 usiku, Desemba kabla ya saa 11 jioni, ratiba ya familia itayumba. Kuala Lumpur mwaka mzima ni kati ya saa 1 na saa 1 na nusu, unajua bibi anakula saa 12 kila siku, basi.

Bangkok ina mambo. Chakula cha kawaida kina mchuzi wa samaki hata kwenye mboga tupu, ukiomba "bila nyama" unaletewa nao. Neno la kutumia ni "jay", tafuta vibanda vyenye kibendera cha njano chenye maandishi mekundu, wao hawaweki nyama, mayai, kitunguu wala kitunguu saumu. Viazi na karoti bado wanaweka, kwa hiyo kwa Mjaini uliza tena. Mtaa wa Phahurat una mikahawa ya Kihindi na gurdwara kubwa, yaani hekalu la Masingasinga.

Ila kwa safari ya kwanza na mzee mimi siyumbi, Kuala Lumpur, hoteli Brickfields, mtaa wa Wahindi. Unatoka mlangoni unakuta dosa na chai, na kituo kikuu cha treni kiko jirani. Batu Caves, mapango yenye mahekalu ya Kihindu, mpeleke asubuhi na mapema, ngazi ni 272, asiyeweza anakaa chini kwenye mahekalu mengine. Ndege nayo iambie mapema, msimbo wa mlo wa Kijaini ni VJML.

Hatua ya 5: Msimu

Dubai Juni hadi Agosti na watoto wadogo, hapana. Bangkok Aprili ni joto la kuchosha.

Hatua ya 6: Kadi

Thailand inadai kadi ya homa ya manjano kwa anayetokea Tanzania, na sindano ipigwe angalau siku 10 kabla. Mzee wa zaidi ya miaka 60 ambaye hajawahi kuipata asipigwe hivihivi, daktari aamue kwanza. Ili suala la kadi hiyo lisije likatusumbua, bibi hatukumpitisha Dar, alipanda Mumbai wakakutana Kuala Lumpur.

Mwisho, kadi ya kidijitali ya kuingilia, Malaysia na Thailand zote wanayo, ni bure, inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ya bibi niliijaza mimi hapa ofisini, mwanawe akinisomea paspoti kwa video, na jina nilimwambia anitajie herufi mojamoja mara mbili.