Pima simu na dira yako kabla ya kupanda Rondo

Naongoza watu kwenye msitu wa Rondo, nyanda za juu mkoani Lindi, na kifaa ambacho hakijapimwa Lindi mjini sikiruhusu kituongoze huko juu.

Hatua ya 1: Simu. Ukiwa na bando, pakua ramani ya mkoa mzima kwenye programu ya ramani kama Organic Maps au OsmAnd. Zima data, toka nje, uone kama nukta inayoonyesha ulipo inakaa pale uliposimama. GPS haihitaji mnara wa simu, inapokea mawimbi ya setelaiti zilizo kilomita 20,200 juu. Ila bila data huchelewa kujipata, na chini ya miti iliyoshonana nukta hurukaruka. Ikianza kuruka usiifuate. Tafuta uwazi, usubiri itulie.

Hatua ya 2: Dira. Hii ichukulie muda. Ulaya, usumaku wa dunia huvuta ncha ya kaskazini ya sindano kuelekea chini, hivyo mtengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini. Huku kwetu, kusini mwa ikweta, inayovutwa chini ni ncha ya kusini, na uzito ule unaizidishia. Sindano inainama, inakwaruza kasha, inaganda na kukudanganya. Ilaze dira kiganjani, uzunguke polepole duara zima. Sindano ikisita popote, tafuta dira ya kanda ya kusini, iliyosawazishwa kwa huku kwetu. Na unaposoma dira, panga liwe mbali nawe. Chuma huvuta sindano.

Hatua ya 3: Ramani ya karatasi. Ramani za zamani za 1:50,000 zinafuata mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, simu inafuata mwingine, WGS 84. Ukihamisha namba bila kubadili mfumo, unakosea kama mita 300. Kwenye makorongo ya Rondo, hilo ni korongo jingine kabisa.

Hatua ya 4: Jua. Kuanzia karibu tarehe 20 Oktoba hadi karibu tarehe 22 Februari, jua la adhuhuri liko kusini mwetu. Miezi mingine liko kaskazini. Dira ikipingana nalo, amini jua.

Hatua ya 5: Wenyeji. Vijia vya kwenye mikorosho ni vingi, na vingi havimo kwenye ramani yoyote. Amkia kwanza, kisha uliza: "Shikamoo mzee, njia hii inakwenda wapi?" Usitaje kijiji unachokwenda, kama "Hii inakwenda Mnara?", maana mtu anaweza kukuitikia kwa ukarimu tu. Akishakuonyesha, soma dira papo hapo, mbele yake, ili kama mwelekeo haulingani umuulize tena.