Somo: Kusaka bomba linalovuja chini ya sakafu kabla hujashika tindo

Wakuu, somo hili ni la mwenye nyumba ambaye bili ya maji imepanda ghafla, au kona ya chumba haikauki, na fundi ameshamwambia "tuvunje tuone". Usikubali kuanza na kuvunja. Bomba likitoboka chini ya jamvi (zege la sakafu), maji hayajitokezi palepale. Yanafuata mchanga uliojazwa chini ya zege na mkondo wa bomba lenyewe, hadi yapate upenyo. Kuna nyumba Tabata rangi ilivimba hadi usawa wa goti chumbani, kumbe soketi (kiungio cha bomba) iliyoachia ilikuwa chini ya mlango wa bafu, ng'ambo ya korido. Wangevunja chumbani wangekuta mchanga umelowa, basi.

1. Anza na choo, kisha mita

Tia rangi ya chakula kwenye tangi la flashi, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa ndani umechoka, na huenda tatizo lako lote limeishia hapo.

Choo kikiwa kizima, funga koki zote na uende kwenye mita. Kwenye mita nyingi tarakimu nyeusi ni uniti na nyekundu ni lita. Uniti moja ni lita 1,000. Tazama kile kidude kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu. Huzunguka hata maji yakipita kidogo sana. Kisipozunguka, andika namba, lala, soma tena alfajiri kabla mtu hajafungua koki.

Msidharau uvujaji mdogo. Lita moja kwa dakika ni mchirizi mwembamba tu, lakini kwa siku ni lita 1,440, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 43 na ushei.

Kwa wenzangu wa mgao: maji yanaporudi, hewa iliyo bombani huzungusha mita pia. Subiri yatulie ndipo upime.

2. Gawa nyumba vipande

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo mafundi wengi wanaparuka. Funga geti valvu iliyo baada ya mita. Mita ikiendelea kuzunguka, ama bomba linavuja kati ya mita na valvu, ama valvu yenyewe haifungi sawasawa, na geti valvu za zamani zina tabia hiyo. Mita ikisimama, tatizo liko mbele. Fungua valvu, kisha uinue boya la simtanki ulifunge kwa kamba maji yasiingie. Bado inazunguka? Laini ya kupandisha maji kwenye tangi ndiyo mbovu, au ile inayolisha koki za nje moja kwa moja.

Kama mita imetulia, pima upande wa pili. Jaza simtanki, funga maji yanayoingia, tumbukiza kijiti kikavu na uweke alama ya kimo. Usiku wa kwanza acha valvu ya kushusha maji wazi, koki zote za nyumba zikiwa zimefungwa. Usiku wa pili funga na valvu hiyo. Maji yakipungua usiku wa kwanza na yasipungue wa pili, bomba la ndani ya nyumba ndilo linalovuja. Kisha jaribu valvu moja moja: ya hita, ya jikoni, ya bafu. Nyumba isiyo na valvu hizo, ziwekeni sasa. Bei yake haifikii gharama ya vigae vya sebule utakavyovunja.

3. Sikiliza

Usiku, friji na feni zimezimwa, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba penye koki, mpini uubane kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Maji yanayovuja kwa presha hutoa mvumo usiokatika. Bomba la chuma husafirisha sauti vizuri. La plastiki huimeza, kwa hiyo ukimya kwenye PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto) usikudanganye. Kama ni laini ya maji moto, tembea peku: kigae chenye uvuguvugu kitakuita. Ukishindwa, tafuta fundi mwenye pampu ya kupima presha na kipaza sauti cha ardhini. Mlipe kwa moyo mkunjufu.

4. Kukarabati

Bomba la chuma lililoliwa na kutu chini ya jamvi, hasa huku pwani kwenye chumvi, usilitie kiraka. Litelekeze, pitisha laini mpya ukutani au darini. Ukiziba tundu moja, jingine linakuja karibu yake.

Kwa PPR, kata vigae kwa grenda na uvunje zege taratibu. Ukikutana na nondo za mkanda (boriti ya zege), acha, hamia pembeni. Chimba nafasi ya kutosha uweze kulikunja bomba kidogo pande zote. Toa maji yote: tone moja ndani ya maungio linaharibu uchomeleaji. Mashine ya kuchomelea iwe nyuzi 260. Bomba la nusu inchi, yaani milimita 20, sekunde 5, na la milimita 25 sekunde 7. Ingiza moja kwa moja bila kuzungusha. Ukiona pete laini ya plastiki imejitokeza mduara mzima, umepatia. Usilitikise hadi lipoe.

Usifukie siku hiyohiyo. Pima kwa presha mara moja na nusu ya ile ya kawaida, liache lilale wazi. Asubuhi likiwa kavu, lizungushie mchanga laini usio na mawe, shindilia, ndipo zege. Piga picha yenye vipimo kutoka ukutani.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, natumia kisima. Pampu inajiwasha yenyewe usiku, hakuna anayetumia maji.*
Presha inashuka mahali. Funga valvu ya kuingia ndani ya nyumba. Ikiendelea kujiwasha, angalia cheki valvu (ile inayozuia maji kurudi nyuma) na bomba la kutoka kisimani.

*Ukuta unalowa ila mita haisogei kabisa.*
Kama na maji ya simtanki hayapungui, basi huenda ni bomba la maji machafu, maana hilo halipiti kwenye mita. Ziba tundu la kuingilia chemba, jaza bomba maji hadi usawa wa sakafu, tazama kama yanashuka. Yasiposhuka, shuku unyevu wa ardhini unaopanda kwa sababu msingi haukuwekewa karatasi ya nailoni.

*Fundi kashauri tupake sementi ya kuzuia maji juu ya sakafu.*
Mkatalie. Maji yataendelea kusomba mchanga hadi jamvi libaki linaning'inia.

*Maji ya kunywa yako salama wakati tunasubiri fundi?*
Yachemsheni. Mgao ukikata, bomba tupu hunyonya uchafu kupitia tundu hilohilo, na kama chemba ya choo iko karibu hatari ni kubwa zaidi. Baada ya kukarabati, fungueni koki zote maji yapite hadi yatoke meupe, ndipo mjaze simtanki.