Kizulia cha bafuni kilivyonila dipoziti

Mwongozo huu una mambo ya taulo, lakini sababu ya kuuandika ni kizulia. Kizulia cha pauni sita, cha kijivu, chenye raba chini ili kisiteleze. Nilikinunua wiki ya kwanza nilipohamia fleti yangu Leeds, England, nikakitandika bafuni mbele ya hodhi la kuogea, na hapo kikakaa miaka miwili. Kukifua nilikifua, msinione mchafu. Kila baada ya wiki mbili kinaingia mashineni, kikitoka kinaanikwa juu ya radiata, kikikauka kinarudi palepale, nami siitazami sakafu iliyo chini yake.

Siku ya kuhama nikakiinua nipige deki. Chini yake kulikuwa na mstatili wa njano, kama chai ya maziwa iliyomwagika ikasahaulika, ila kingo zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Nikaleta sabuni. Nikaleta siki. Nikaleta jiki, na hapo nilifanya ujinga ambao ningeweza kulipia kwa mapafu: jiki juu ya siki hutoa gesi ya klorini. Nilitoka nakohoa, nikafungua madirisha yote, nikarudi na stilwaya. Doa halikutikisika. Nilichoondoa ni mng'ao wa sakafu tu.

Mabafu mengi ya nyumba za kupanga Uingereza yametandikwa vinaili, ndugu wa yale makapeti ya plastiki tuliyozoea sebuleni. Raba ina kemikali za kuizuia isizeeke haraka, nazo huhama polepole hadi kwenye vinaili na kuigeuza rangi. Ule si uchafu uliokaa juu. Plastiki yenyewe imebadilika, kwa hiyo hakuna sabuni duniani ya kuutoa. Raba juu ya vinaili, usiweke. Hata kama dukani wameandika "haitelezi", usiweke. Hata kama ni nzuri na imeshushwa bei, usiweke. Miguu ya raba ya mashine ya kufulia nayo huacha madoa hayohayo jikoni, kwa hiyo iwekee kitu chini.

Wakala wa mwenye nyumba alidai pauni 340 abadilishe sakafu nzima. Huku England sheria inataka dipoziti yako, yaani pesa ya dhamana unayotoa ukiingia, iwekwe kwenye mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30 tangu uitoe, na tangu Juni 2019 kwa nyumba nyingi haizidi kodi ya wiki tano. Mkigombana, kuna msuluhishi wa bure, na kazi ya kuthibitisha ni ya mwenye nyumba, si yako. Tena hana haki ya kulipwa sakafu mpya badala ya kuukuu. Msuluhishi alitazama umri wa ile sakafu, akampa pauni 150.

Mbona nikalipa hata hizo? Kwa sababu ripoti ya ukaguzi ya siku ya kuingia ilisema "sakafu ya bafu: safi, haina doa", na saini yangu ipo chini yake. Nilipewa siku saba niisome na kuirekebisha. Kurasa 31! Nani wa kusoma? Kwetu unalipa kodi ya miezi sita, ukihama mnazozana kidogo kuhusu bili ya maji, yamekwisha. Huku karatasi ndiyo shahidi. Soma ripoti. Piga picha kila sakafu, na picha ziende kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Narudia, kwa barua pepe. Za kwenye simu peke yake utaanza kuulizwa ulizipiga lini.

Taulo zenyewe ni jambo jepesi. Fua kwa nyuzi joto 60, baada ya kuoga nazo mara tatu au nne. Mashine usiishindilie. Softena achana nayo, inazipaka nyuzi za kitambaa mafuta na taulo linaacha kunyonya maji. Kila mtu na lake, kwa sababu fangasi wa miguuni na mapunye ya watoto hupanda taulo kama daladala. Kizulia nunua cha pamba tupu, kisicho na raba, na kila ukimaliza kuoga kining'inize kwenye ukingo wa hodhi.

Kinachosumbua ni kukausha. Jua la hapa kuanzia Novemba ni la kutazama tu. Ukianika mataulo ndani na kufunga madirisha, yale maji hayaendi popote. Yanatua kwenye ukuta wa baridi, na baada ya wiki chache kona ya dari ina ukungu mweusi. Wenyeji hawafungui madirisha kwa kuogopa bili ya gesi, halafu wanashangaa nyumba inanuka kama kabati la bibi. Na hawa ndio watu wenye nyumba ambazo hadi leo zina zulia la manyoya bafuni, ukuta hadi ukuta! Nilinunua mashine ya kunyonya unyevu. Nikianika jioni mzigo mmoja wa mataulo na mlango umefungwa, asubuhi tanki lina zaidi ya lita ya maji. Maji hayo yangekuwa ukutani.

Ila msikubali kila ukungu usingiziwe kuoga kwenu. Mwaka 2020 huko Rochdale alifariki mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, wazazi wake wametoka Sudan, na uchunguzi wa kifo ukaonyesha chanzo ni kuishi muda mrefu ndani ya ukungu. Wenye nyumba walikuwa wameilaumu familia kwa namna inavyoishi, hata namna inavyooga. Tangu Oktoba 2025 sheria yenye jina lake inawabana wenye nyumba za jamii, zile za kupangisha za halmashauri na mashirika, washughulikie ukungu hatari kwa muda maalumu. Feni ya bafuni ikifa, mwandikie wakala siku hiyohiyo.

Sasa nyinyi wageni wetu. Mama mdogo alikuja miezi mitatu, namheshimu sana, lakini alioga kwa ndoo na kopo nje ya hodhi, juu ya sakafu, kama yuko Tanga. Mama, sakafu hizi hazina tundu la maji! Jirani wa chini alipanda na picha ya dari yake. Na mlioko nyumbani mnaoniambia "we fua kwa mkono uanike nje", asanteni, mvua imewasikia. Hata hivyo mama mdogo aliniachia vikoi vitatu, na sasa ndivyo nafutia mwili. Kikoi kinakauka usiku mmoja. Lile taulo zito la Ulaya ninalotumwa kila Desemba linataka siku mbili.

Fleti niliyopo sasa nilikuta mpangaji aliyetangulia ameacha kizulia chake bafuni. Nikakiinua kabla sijafungua sanduku hata moja. Mstatili wa njano. Picha saba, na rula pembeni, zikaenda kwa wakala saa nne asubuhi.